Kumtafuta babu aliyekuwa askari wa Mjerumani: anza na vituo, jina lisubiri

Watu wengi wa huku kwetu Dodoma wanaosimuliwa kwamba babu wa babu yao alikuwa askari wa Mjerumani huanza kumtafuta kwa kulishika jina lake na kulipeleka katika kila orodha wanayoisikia. Mimi ni kilembwe wa askari mmoja wa aina hiyo, na ushauri wangu ni kwamba jina liwekwe pembeni kwanza. Wapo walioandikishwa kwa jina ambalo nyumbani kwao halikujulikana, wapo waliolibadili waliposilimu, na hata jina lililo wazi liliandikwa jinsi karani Mjerumani alivyolisikia, hivyo Juma yule yule anaweza kuwa Djuma katika karatasi moja na Dschuma katika nyingine. Yaliyo imara zaidi ni mambo mawili ambayo familia nyingi hazikuyasahau: vituo alivyokaa, na wanawake aliozaa nao.

Jeshi lenyewe lilianza mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa kuzima vita vya Abushiri kule pwani. Alikuja na Wasudani wapatao 600 waliochukuliwa Misri, wengine wakiwa na wake na watoto wao, pamoja na kundi dogo zaidi kutoka Msumbiji lililoitwa Wazulu. Baadaye Wanyamwezi, Wamanyema na wenyeji wengine wakaongezeka, na mwaka 1891 likafanywa jeshi rasmi la koloni. Mwaka huo huo wa 1889 Wissmann alifika Mpwapwa na kukijenga upya kituo ambacho Abushiri alikuwa amekishambulia. Kwa hiyo anayemtafuta askari wa miaka ya 1890 hapa Dodoma mjini anajichosha bure, kwa sababu mji huu ulikua baada ya reli ya kati kufika mwaka 1910. Kabla ya hapo wakubwa na askari wao walikuwa Mpwapwa, na upande wa magharibi Kilimatinde, ambayo leo imo katika wilaya ya Manyoni.

Njia iliyonifaa kuliko zote ni kuuliza watoto wake walizaliwa wapi, kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Askari alihamishwa na jamaa yake ilihama naye, na ndiyo maana orodha ya mahali walipozaliwa watoto ni karibu sawa na orodha ya uhamisho wake. Katika familia yetu shangazi wa baba yangu, ambaye ni mjukuu wa askari huyo, alijua kwamba mtoto wa kwanza alizaliwa Bagamoyo, wa pili Mpwapwa, wa tatu Iringa, na wa mwisho Kilimatinde wakati gari moshi lilikuwa limeshaanza kupita. Hakutaja mwaka hata mmoja, lakini miaka imo ndani ya maneno yake. Boma la Iringa mjini lilianza mwaka 1896, baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa mtemi wa Wahehe, kutekwa Oktoba 1894, kwa hiyo aliyezaliwa pale bomani hawezi kuwa wa kabla ya hapo. Na reli ilipita Dodoma mwaka 1910 ikafika Tabora mwaka 1912, jambo linaloonyesha kwamba yule wa mwisho hakuzaliwa kabla ya 1910. Kwa askari aliyeendelea kutumikia hadi vita vya 1914 kazi ni nyepesi zaidi, maana mahali pa kombania zote 14 panajulikana: ya 4 ilikuwa Kilimatinde na Singida, ya 13 Kondoa Irangi, ya 2 Iringa.

Wazee wa Ugogo huhesabu kwa njaa na vita kuliko kwa miaka. Ukishamwamkia mzee kwa mbukwenyi na kukaa naye vya kutosha, usimuulize babu alikufa mwaka gani. Muulize kama ilikuwa kabla ya Mtunya, ile njaa kubwa iliyofuata baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kati ya mwaka 1917 na 1920. Muulize pia kama babu alikuwa hai Makaburu, askari wa Afrika Kusini waliopigana upande wa Mwingereza, walipoingia Kondoa na baadaye Dodoma mwaka 1916. Hadithi za ushujaa, kwa upande mwingine, zipimwe kabla ya kuandikwa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliuvunja msafara wa ofisa Mjerumani Emil von Zelewski kule Lugalo, na askari waliotoka hai walikuwa wachache. Nikihesabu familia nilizozisikia zikidai kuwa babu yao alinusurika pale, naona kikosi kile kingerudi pwani kikiwa kimekamilika.

Habari za wake zake zinahitaji subira kuliko kitu kingine chochote, na ndizo zinazolipa. Katika vita vya Uhehe, vilivyoendelea hadi kifo cha Mkwawa mwaka 1898, wanawake wengi walitekwa na kugawiwa askari, na baadhi yao ndio mabibi zetu. Mama wa yule mtoto wa tatu, kwa kauli ya bibi yetu, yule shangazi wa baba, "alikuja na safari ya askari", na hapo bibi alinyamaza. Sikumkazania. Siku nyingine nilimuuliza mambo madogo: alipika nini, alikataa kula nyama gani, alibembeleza watoto kwa nyimbo za lugha ipi, wajukuu walipewa majina gani ambayo si ya Kigogo wala ya Kiislamu. Majibu hayo yalituelekeza Uhehe bila mtu kulazimika kutamka neno mateka mbele ya watoto. Mtoto wa kiume anayetaka kuuliza mambo haya afuatane na dada au shangazi yake, kwani kuna mambo ambayo bibi hatamwambia mjukuu wa kiume hata akimwamkia kwa magoti.

Makaratasi yafuate baada ya hayo. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimehifadhi majalada ya serikali ya Mjerumani, na faharasa yake ilichapishwa mwaka 1973. Nenda na barua ya utambulisho, na uombe majalada ya kituo na miaka uliyokwisha kuipata, si ya mtu. Humo pia mna vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, ambavyo havitamtaja askari wa kawaida lakini vitakueleza boma la Mpwapwa au la Kondoa lilikuwaje. Majalada ya wizara ya makoloni yako Berlin, na sehemu kubwa imewekwa mtandaoni bila malipo. Hati nyingi za jeshi zilizokuwa Potsdam ziliteketea kwa mabomu Aprili 1945, kwa hiyo anayekuahidi kwa fedha kwamba atakuletea faili la babu yako kutoka Ujerumani mwombe kwanza akuonyeshe namba ya jalada. Taarifa za mapigano zilizochapishwa wakati ule huwataja maofisa Wazungu kwa majina, na askari Waafrika mara nyingi kwa hesabu tu.

Vitabu vya ubatizo visidharauliwe hata kama babu alikuwa Mwislamu, kwa sababu wapo wake na watoto wa askari waliokwenda misheni. Wamisionari Waanglikana walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Kilimatinde walifika mwaka 1900.

Kila unalolipata liandike pamoja na jina la aliyekuambia na siku aliyokuambia, na pasipo jibu pabaki wazi. Askari wale walichoma vijiji, walikusanya kodi ya vibanda tangu mwaka 1898, na baadhi yao walipigana katika Maji Maji. Ndugu zako wengine watataka hayo yaachwe. Mimi nimeyaweka katika karatasi zetu, na mjomba mmoja hajapendezwa hadi leo. Kwa upande wetu kilichobaki ni ukoo wa yule mama wa Uhehe, ambao tutauendea baada ya mavuno, tukiwa na shangazi mmoja anayeijua miiko ya bibi yake kwa sababu yeye mwenyewe bado anaifuata.