Nilimpeleka mume wangu Istanbul, tukarudi hatusemezani

*Shangazi, shikamoo. Nilifika Istanbul mara ya kwanza kabla sijaolewa, kwa mafunzo ya kazi, na tangu hapo mji ule haujanitoka moyoni. Nimerudi mara kadhaa, kila mara peke yangu, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Mwaka jana nikasema sasa nimpeleke mume wangu. Nilipanga kila kitu: tufikie mtaa ule ule, tupite njia zile zile, akae pale nilipozoea kukaa. Haikuwa nilivyotarajia. Hagia Sophia, lile jengo la kale la ibada, ambako zamani nilisimama chini ya kuba hadi machozi yakanitoka, sasa watalii tunapandishwa ghorofani kwa tiketi na kupita njia yetu. Mkahawa mdogo niliokuwa nikiupenda umefungwa. Mume wangu akawa anachoka, kila saa anauliza tutapumzika lini. Siku ya nne nikamwambia hana macho. Akanijibu kwamba nimemleta awe shahidi wangu, sikumleta atembee nami. Tulirudi hatusemezani. Sasa yeye mwenyewe anasema turudi Oktoba hii, na mimi ndiye ninayeogopa. Niende peke yangu kama zamani? Tutafute mji mwingine? Au niuache ubaki kumbukumbu? – Mpenzi wa Istanbul*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mumeo, maana ndiye aliyenigusa katika barua yako. Mtu aliyeburutwa huku na huko kufuata nyayo za mwenzake, akaambiwa hana macho, kisha yeye huyo huyo akawa wa kwanza kusema turudi, hajauchukia mji wako. Wala hajakuchoka wewe. Anaomba mwanzo mpya, na ameuomba kwa upole ambao wengi wasingeuweza. Kama hujamwomba radhi kwa neno lile la macho, mwombe leo, kabla hamjazungumza habari ya tiketi.

Sasa tuje kwako. Hebu kumbuka safari ulizokwenda peke yako. Ni nani aliyekuonyesha ule mkahawa? Hakuna. Uliupata kwa kupotea njia, au kwa kukimbia mvua, au kwa kuchoka miguu mahali ambapo hukupanga kuchoka. Mji ule ulikuingia kwa sababu ulijitafutia. Mumeo hukumpa nafasi hiyo. Ulimlisha chakula kilichokwisha kutafunwa, kisha ukashangaa kwamba hakusikia utamu. Huwezi kumkabidhi mtu hisia zako pale mlangoni na kumwambia haya, zisikie. Anachoweza kufanya ni kukutazama wewe ukiguswa, na ndiyo maana alisema amekuwa shahidi. Neno lake lilikuuma kwa kuwa lilikuwa la kweli.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hukuliona. Ulikuwa unaupima mji wa mwaka jana kwa mji ulio kichwani mwako, na huo wa kichwani umekwisha kuchujwa. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha pamoja na wenzake kwamba tunapokumbuka jambo lililopita, tunalipima zaidi kwa ule wakati lilipofika kileleni na kwa jinsi lilivyomalizika. Urefu wake hauhesabiki sana. Kwa hiyo umebaki na machozi ya chini ya kuba na jioni ya mwisho ya safari. Foleni, jua la mchana na miguu iliyovimba kwa kupanda vilima vya Istanbul, vyote vimefutika, lakini vilikuwepo. Mumeo alipouliza saa ya kupumzika, alikuwa anakutana na sehemu ya Istanbul uliyoisahau.

Nakuja kwenye huzuni yako ya kukuta mji umebadilika, nayo siidharau. Mahali palipokupa faraja pakibadilika bila kukuuliza, inauma. Ila fikiri umeipenda nyumba gani. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537, enzi ya mfalme Justinian. Mwaka 558 kuba likaporomoka, likajengwa upya, likawa tayari mwaka 562. Kwa karne tisa jengo lilikuwa kanisa. Mwaka 1453 Waturuki wa Kiosmani walipouteka mji likawa msikiti, mwaka 1935 likafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Wewe uliingia katika kipindi cha makumbusho, ukadhani ndiyo sura yake ya siku zote. Kumbe ilikuwa sura moja, tena fupi, nawe ukabahatika kuiona. Watu wa kila zama waliopenda jengo lile walililia lilipobadilika, na bado limesimama na watu wanaendelea kuguswa nalo kwa namna nyingine. Na kama nyinyi ni watu wa kuswali, sakafu ile ya chini bado ni yenu, pamoja na waumini wengine.

Hata lile daraja la Galata, wanakosimama wavuvi na fimbo zao za ndoana kutwa nzima, usifikiri ni la kale. Lililopo limeanza kutumika miaka ya tisini. Lililotangulia liliungua mwaka 1992. Wavuvi walihamia jipya, na mgeni anayefika leo huona kama wamesimama pale tangu dunia iumbwe. Visiwani nako, kwenye Visiwa vya Wanamfalme, magari ya farasi yaliondolewa mwaka 2020 yakaja ya umeme. Wapo waliosikitika. Mimi nafurahi kwa ajili ya wale farasi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nendeni wote wawili, na nendeni Istanbul. Ukihamia mji mwingine sasa hivi, mtabeba ugomvi ule ule kwenye begi jipya. Ukienda peke yako Oktoba hii baada ya yeye kukunyooshea mkono, atasoma hapo kwamba mji ni wako na yeye hana nafasi. Siku nyingine utakwenda peke yako, na hakuna ubaya wowote. Mke kuwa na safari yake si kosa, na mumeo hajalalamika popote kwamba hilo linamkera. Lakini isiwe mara hii.

Mkifika, mwachie yeye siku mbili za kwanza aongoze. Ninaposema aongoze, namaanisha ufunge mdomo hata ukiona anapita mlango wa mahali unapopapenda. Akitaka kulala hadi saa nne, alale. Asubuhi hizo ni zako: amka mapema, panda kilima uende Süleymaniye, msikiti ambao Mimar Sinan, mjenzi mkuu wa Waosmani, aliumaliza mwaka 1557, ukae kwenye uwanja wa nyuma unaoitazama Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Kaburi la Sinan mwenyewe lipo hapo nje, dogo mno kwa mtu aliyejenga jengo kubwa namna ile. Ukirudi hotelini utamkuta ameamka, nawe utakuwa umekwisha kushiba upweke wako, huna tena sababu ya kumvuta.

Baada ya hapo nendeni mahali ambapo wewe pia ni mgeni. Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyokuandikia. Mji ule umekaa mabara mawili, Ulaya na Asia, na katika barua yako yote hukutaja hata sehemu moja ya upande wa Asia. Pandeni kivuko kutoka Eminönü hadi Üsküdar, safari ya kama robo saa hivi. Mkishuka tu mtauona msikiti wa Mihrimah Sultan, nao ni kazi ya Sinan. Tembeeni pwani hadi Salacak mkautazame Mnara wa Bikira katikati ya maji, au mwelekee upande wa pili hadi Kuzguncuk, mtaa mdogo ambao msikiti na kanisa la Waarmenia vimepakana, na sinagogi halipo mbali. Au mkaufuate ukuta wa kale wa Theodosius, wa karne ya tano, unaoanzia bahari ya Marmara hadi Pembe ya Dhahabu. Sehemu nyingine umebomoka na njia si nzuri, kwa hiyo nendeni mchana, tena mtembee kipande kimoja tu. Popote mtakapochagua, mtakuwa sawa: hakuna anayejua, hakuna anayefundisha. Mkipotea mtapotea pamoja, na mkipata pa kukaa patakuwa penu nyote wawili.

Maeneo yako ya zamani usiyaache kabisa. Chagua moja tu, lile ambalo usipolifikia utaumia, umwambie mapema: hapa nataka unisindikize, hulazimiki kupapenda. Kisha utimize ahadi hiyo. Usimchungulie usoni.

Kuhusu mkahawa uliofungwa, usitafute wa kufanana nao. Utakaa kwenye kila kiti ukihesabu kilichopungua, na mwenye mkahawa atakuwa hana kosa lolote.

Mambo madogo ya mpango, maana kuchoka kwingi kwa mwaka jana naona kulitokana na ratiba. Jumba la Topkapı, lile la masultani wa zamani, hufungwa Jumanne. Soko Kuu la kale halifunguliwi Jumapili, kwa hiyo msilipange siku hiyo. Hagia Sophia msiende Ijumaa mchana kwa utalii, ni wakati wa swala. Tarehe 29 Oktoba ni Siku ya Jamhuri na mitaa hujaa watu, basi kama mumeo hapendi msongamano fikeni mapema mwezini. Oktoba jioni huingia ubaridi na mvua haikosi kunyesha, bebeni makoti na viatu visivyoteleza. Na siku ya mwisho msiitumie kukimbizana na zawadi za ndugu. Zinunueni mapema, mizigo ifungwe tangu usiku, ili mbaki na asubuhi nzima ya kupanda kivuko chochote kinachoondoka, akae yeye upande wa dirishani.