Klachi Mpya Inalia: Kabla Hujashusha Tena Gia Boksi

Gari imefungwa klachi jana, leo mwenyewe karudi: inalia, au pedeli haieleweki. Kijana mgeni wa gereji hukimbilia spana. Ngoja kwanza. Kushusha gia boksi kunakula nusu siku, na ukishaifungua, ile sauti uliyokuwa unaitafuta nayo imezimika. Malalamiko mengi ya baada ya klachi mpya hupatikana kwa mguu na masikio, gari ikiwa nzima.

Muulize dereva inalia akikanyaga au akiachia. Wengi watakujibu, "Inalia tu, fundi." Basi kaa mwenyewe kwenye usukani, vuta hendibreki, weka nyutro, zima redio na feni, washa injini.

Fikiria kinachozunguka. Ukiwa nyutro na mguu haujagusa pedeli, klachi imeshika, kwa hiyo shafti inayoingia kwenye gia boksi inazunguka pamoja na injini. Kama mvumo upo hapo na unapotea ukikanyaga mpaka chini, mshukiwa yuko ndani ya gia boksi, na mara nyingi ni beringi ya shafti hiyo. Ila pima oili kwanza. Kwenye gari nyingi za kuvuta mbele, ukichomoa ekseli oili humwagika, na kazi ya haraka husahau kuirudisha.

Sasa weka mguu kidogo tu, pedeli imalize ule mchezo wake wa juu, yaani ule mwendo wa mwanzo ambao haisukumi kitu. Mlio ukianza hapohapo, kabla klachi haijaachia, ni rilizi beringi, ile inayosukumwa na pedeli ili klachi iachie, maana ndipo inapoegemea vidole vya presha pleti, yaani kifuniko chenye springi kinachobana klachi. Mlio usipoanza mpaka klachi iachie kabisa, endelea kukanyaga na uingize gia ya kwanza. Shafti imesimama, krenki (shafti ya injini) inazunguka, na kinachobaki kati yao ni pailoti beringi. Hiyo utaikuta zaidi kwenye gari za kuvuta nyuma. Nyingi za kuvuta mbele hazina kabisa, kwa hiyo usimuuzie mtu beringi ambayo gari yake haijawahi kuwa nayo.

Rilizi beringi mpya inawezaje kulia? Kuna spea mbovu, ndiyo, na boksi lenye jina kubwa si ushahidi wa kitu. Izungushe kwa kidole palepale dukani: iwe nzito kidogo kwa grisi, isiwe na mchanga ndani. Lakini beringi nyingi huuawa gereji. Kijana ameambiwa asafishe vitu kwa petroli, akaitumbukiza na beringi humo. Hii huja imefungwa na grisi yake ndani. Petroli ikiingia, grisi imetoka, na hakuna mlango wa kuirudisha. Ifute kwa kitambaa kikavu tu. Wa kuoshwa ni uso wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi inashikana nalo, na wa presha pleti, ambao mara nyingi huja na mafuta ya kuzuia kutu.

Pedeli ndiyo inayozua ugomvi zaidi. Ikiwa laini, ukiipiga mara tatu nne inapanda na klachi inafanya kazi, mfumo una upepo. Toa upepo vizuri. Kama kesho imelegea tena, angalia slevu ya chini, ile silinda ndogo ya mafuta inayosukuma uma wa klachi, kabla hujailaumu klachi. Mwenye gari atakwambia slevu ilikuwa nzima kabla hujagusa gari yake, naye hasemi uongo. Klachi pleti, ile diski inayobanwa kati ya flaiwili na presha pleti, ikiisha, vidole vya presha pleti husogea upande wa gia boksi na kuisukuma pistoni ya slevu irudi ndani. Pistoni inazoea kutembea sehemu hiyo kwa miaka. Ukifunga pleti mpya, vidole vinarudi upande wa injini, pistoni inatoka nje zaidi, na mpira wake mzee unaanza kupita kwenye kutu na uchafu ambao haujaguswa muda mrefu. Unachanika, unavuja. Ndiyo maana mimi humwambia mteja anunue na mipira ya slevu kabla kazi haijaanza, na silinda ikiwa na kutu hubadilishwa nzima. Mafuta yake ni ya breki. Akitia oili ya injini, mipira huvimba na utaanza upya.

Pedeli ikiwa nzito, usimwambie mteja "itazoea". Klachi mpya kwa kawaida ni nyepesi kuliko ile iliyochakaa. Uzito mpya unatoka kwenye waya ulioanza kuchambuka, uma (mkono unaosukuma rilizi beringi) uliokauka, beringi inayokwama kwenye bomba lake, au presha pleti isiyo ya gari hiyo. Mtetemo mdogo wakati wa kuondoka unaweza kupungua kilomita mia kadhaa za kwanza, uzito haupungui.

Mchezo wa pedeli upime kwa rula. Toyota nyingi hutaka milimita 5 mpaka 15. Ukiukosa kabisa, beringi inazunguka muda wote na klachi inaweza kuteleza ikiwa mpya.

Gia zikigoma au rivasi ikikwaruza, kanyaga, subiri sekunde chache, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza bado, klachi haiachii. Kama upepo na mchezo viko sawa, hapo sasa gia boksi inashuka: klachi pleti imefungwa kinyume, au imepinda kwa sababu gia boksi iliachwa ining'inie juu yake wakati wa kuipandisha. Usimfiche mteja, hiyo ni kazi ya gereji na gereji ndiyo inayorudia.

Kuna sauti moja itakayokusumbua kwenye dizeli: ta-ta-ta ukiwa nyutro, inakoma ukikanyaga. Kama gari ilikuja na flaiwili ya vipande viwili na mwenyewe akachagua ya kipande kimoja kwa ajili ya bei, mitikisiko iliyokuwa inamezwa pale sasa inafika kwenye gia. Unaweza kubadili beringi zote, sauti itabaki. Mweleze hilo kabla hajalipia flaiwili.