Dola ya njano: jibu kwa mdogo wangu wa Bukavu

Juzi kijana mmoja wa Bukavu, wa upande wa Kadutu, alinitumia ujumbe wa sauti. "Yaya, mkubwa wangu, video zangu zimewekewa dola ya njano, na sijatukana mtu, sijaonyesha mtu uchi. Wananionea kwa sababu mimi ni Mkongomani?" Dola ya njano ni ile alama ambayo YouTube inaiweka kwenye video yako ikisema haitapata matangazo, au itapata machache; ya kijani ni ya matangazo kamili. Swali hilo naulizwa mara nyingi, kwa hiyo namjibu hapa na wengine mpate. Najua mnaonisoma tunatafuta kitu kimoja: kushika kamera, na kamera itulishe.

Hapana, mdogo wangu, mashine ya YouTube haijui kabila lako. Inapima maneno, picha na sauti, na nyuma yake yuko mtu mwenye pesa anayeogopa. Mwaka 2017 gazeti la The Times la London lilionyesha kwamba matangazo ya kampuni kubwa yalikuwa yanatokea kwenye video za YouTube za watu wenye siasa kali. Serikali ya Uingereza ikaondoa matangazo yake, AT&T na Verizon za Marekani nazo zikatoka. Tangu hapo kanuni za maudhui yanayofaa watangazaji zikakazwa, na sisi ambao hatukuwamo kwenye ugomvi huo ndio tunaishi nazo.

Mimi somo hilo nilipewa na mtu, si kompyuta. Kuna mfanyabiashara mmoja wa mabati na misumari kule Birere, mtaa wa hapa Goma. Tulikubaliana ananipa pesa kila mwezi, na kila video yangu inaanza na duka lake: jina, namba ya simu, bei ya bati. Wafuasi walikuwa bado wachache, lakini mtaani kwetu nilikuwa wa kwanza kulipwa na kamera, na mama akaanza kuniita mkurugenzi mbele ya wageni. Ikaja jioni ya 22 Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ikapasuka, anga la Goma likawa jekundu, lava ikashuka mpaka Buhene ikimeza nyumba. Siku chache baadaye, ardhi bado inatetemeka, ikatoka amri ya kuhama mitaa kumi, na watu maelfu kwa maelfu wakashika njia ya Sake. Nami nilikuwa ndani ya msururu ule, simu mkononi. Nilimpiga video mama mmoja mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni. Godoro lilikuwa linateleza upande wa kushoto, na kila baada ya hatua chache anasimama, analisukuma kwa kiganja mpaka lirudi katikati, anaendelea. Hakulia, hakusema neno. Mpaka leo sijapiga video nzuri kuliko ile.

Iliangaliwa kuliko zote. Yule mfanyabiashara akanipigia, nikadhani anataka kunipa pole, maana na sisi tulikuwa tumehama. Akasema duka lake haliwezi kuonekana mbele ya watu wanaokimbia, wateja watadhani anafurahia msiba. Mkataba ukafia kwenye simu, na mwezi ule ambao nilishamfanyia kazi hakuulipa. Bado inaniuma, sitaficha. Mtu aliyeunguliwa nyumba Buhene, akirudi, anahitaji nini kwanza kama si bati? Lakini nilipotulia nikaona hakusema video ni ya uongo, wala mbaya. Alisema jina lake lisikae pale, basi. Dola ya njano inasema maneno hayo hayo, kwa niaba ya watu ambao Birere hawajawahi hata kuisikia.

Sasa chukua orodha ya YouTube uisome: matusi, ukatili, ngono, dawa za kulevya, silaha, chuki, mambo yenye mabishano, matukio nyeti kama vita na maafa. Ukiisoma ukiwa Goma utacheka kwanza, maana ni kama mtu amekaa rond-point, pale kwenye mzunguko wa barabara, akaandika habari zetu za wiki. Lakini kuna jambo wengi hawalitofautishi. Kanuni zinazoamua video ibaki au iondolewe ni nyingine, na zinazoamua matangazo ni nyingine. Ya njano inabaki, watu wanaiona, na hata watazamaji wanaolipia Premium ili wasione matangazo wanakuingizia kitu kidogo. Hujafungiwa. Umenyimwa tangazo tu, au umepewa machache.

Na mashine haiangalii video peke yake. Kichwa, picha ya mbele, maelezo ya chini, vyote vinahesabiwa. Nilimpiga video fundi wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, hapa Goma, mzee asiye na maneno mengi. Anachonga gurudumu la mbao, anazungushia kipande cha tairi kuukuu, anakigongea misumari, anapaka girisi kwenye ekseli, mwisho anapigilia ndala chakavu pale dereva atakapoweka goti. Ndani ya video hakuna hata kofi. Lakini kichwa nilikiandika "Chukudu, shujaa wa vita vya Goma", na mbele nikaweka picha ya gari la askari, maana nilijua watu watabonyeza. Njano. Nikabadilisha kichwa kikawa "Chukudu inatengenezwa hivi", mbele nikaweka mikono ya mzee na nyundo, nikaomba mtu aikague. Ikarudi kijani.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi ya kufanya: kichwa kiseme kilichomo ndani. Kabla ya kuitangaza, ipakie ikiwa imefichwa, subiri uone rangi, maana watazamaji wengi wanakuja mwanzoni na saa zile zikipita na njano, pesa imeshapita. Ile fomu ya YouTube ya kujipima mwenyewe, inayouliza video yako ina nini, ijibu kwa ukweli, kwa sababu wanaangalia kama majibu yako yanalingana na yao. Ukiona umeonewa, omba mtu aangalie. Usifute na kupakia upya, utapoteza mega zako za intaneti bure. Na kichwa kiseme kilichomo ndani, narudia, kwa sababu najua hamtanisikia.

Soma kanuni mara kwa mara, maana hazikai. Mambo ya matusi peke yake yalikazwa Novemba 2022, yakalegezwa Machi 2023, yakalegezwa tena Julai 2025. Kuna vijana hapa Himbi bado wanaziba kila neno kwa mlio wa "piii" mpaka mtu haelewi wanazungumza nini.

Lakini jambo lenyewe ninalotaka kukuambia, mdogo wangu, ni hili. Kabla ya kuwasha kamera, jua video hii ni ya bugali, yaani ya kukulisha, au ni ya ushahidi. Ya bugali ni sambaza, vile visamaki vya soko la Kituku, ni chukudu, ni namna ya kupika sombe, majani ya muhogo, isiwe chungu. Ipige vizuri, iwe safi, iuzwe. Katika dola 100 za matangazo kwenye video ndefu, 55 ni zako, na mtazamaji wa Bruxelles kule Ubelgiji analeta zaidi kuliko jirani yako, basi mfikirie na yule wa Bruxelles anayekumbuka nyumbani. Ya ushahidi, usiidai pesa. Watu wa Sake, watu wa kambi, mazishi: piga kwa heshima, weka, acha iwe njano mpaka kiama. Kinachonikera ni wale wanaochanganya. Anapiga video ya maiti kwa karibu mpaka uso unaonekana, anaweka muziki, halafu analia kwamba wazungu wamemnyima dola. Maiti ile ina mama, ndugu yangu. Kampuni ya sabuni ikikataa kukaa pale, kwa mara moja niko upande wake.

Na pesa zote zisitoke mlango mmoja. Januari 2025 benki zilifungwa hapa Goma, wengi tukawa tunavuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutoa pesa, kwa hiyo hata kijani chako kinaweza kukaa mbali na mkono. Tafuta watangazaji wa hapa hapa: mwenye hoteli, mama wa kitenge, fundi simu. Ila muandikishiane. Karatasi moja inatosha: nusu ya pesa kabla ya kamera, na mistari inayosema video zangu nyingine hazimhusu.

Yule wa mabati alinipigia tena hivi karibuni, ameona wafuasi wameongezeka. Nimemtumia karatasi hiyo, na chini yake nimeandika ule mwezi wa 2021. Hajajibu.