Kaka, hizo pikapu ziache kwanza

Juzi usiku nilipokea ujumbe ambao miaka sita iliyopita ningeweza kuuandika mimi mwenyewe. "Kaka, hatimaye nimepata besi yangu. Ni ya bei ya chini, ila nina hela pembeni za kubadilisha pikapu. Niweke zipi isikike kama za wakubwa?" (Besi ni gitaa la sauti nzito. Pikapu, kwa mgeni, ni zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, zinazodaka sauti. Gari halihusiki.) Nikamjibu neno moja: nyuzi. Akarudi amekasirika kidogo. "Mbona wewe yako umebadilisha kila kitu?"

Ana haki ya kuuliza. Namjibu hapa kwa kirefu kwa sababu jibu lenyewe lina aibu ndani yake, na aibu hiyo sasa imepoa kiasi cha kusimulika. Halafu, nisiwafiche, wiki iliyopita nimerekodi nyimbo nne kwa besi hiyohiyo. Fundi wa sauti alitoka chumbani kwake, akaigeuza, akawa anatafuta namba nyuma ya kichwa cha gitaa. Akaniuliza ni ya mwaka gani. Nikamwambia akisie. Aliposema miaka ya sabini nilinyamaza kidogo, nikala raha yangu, ndipo nikamwambia ni nakala ya kiwandani, ile wanayouziwa wanafunzi. Hakuamini hadi nilipomwonyesha.

Sasa turudi nyuma.

Besi yangu ni ya umbo la Jazz Bass: pikapu mbili, poti tatu (vile vifundo vya kuzungusha kuongeza na kupunguza sauti), shingo iliyofungwa kwa skrubu nne. Gari halihusiki.) Kampuni ya magitaa ya Fender waliitoa Jazz Bass mwaka 1960, miaka tisa baada ya Precision Bass ya 1951, na viwanda vya besi za bei nafuu havijaacha kunakili hizo mbili mpaka leo, hadi ule urefu wa inchi 34 wa uzi kutoka kizingiti cha juu (kile kipande chenye mifereji karibu na kichwa) mpaka kwenye daraja (chuma kinachoshika nyuzi mwilini). Ndiyo maana vipuri vyake ni vingi, na kila kitu kinafunguka kwa bisibisi. Kwa mtu mwenye mikono isiyotulia, huo ni mtego.

Siku ya kwanza ilikoroma. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya kwanza mpaka ya tano, ulikuwa unagonga chuma kila nikiupiga. Ncha za freti zilitokeza pembeni ya shingo, zikanikwaruza kiganja kila nikishuka. Na kwenye spika kulikuwa na mvumo, mmmmm, usioisha. Mpiga solo wetu aliusikia kabla sijamaliza kukaza nyuzi. Akaibatiza besi yangu "kreti". Jina likashika. Hata watu nisiowajua wakawa wanauliza mlangoni, kreti imekuja leo?

Nikaamua ubaya ni pikapu. Hakuna fundi aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe, maana pikapu ndizo wanazozungumzia watu wote, na pikapu mpya zina majina mazuri. Nikajinyima miezi mitano. Hela zikatosha pikapu moja tu, ya nyuma, karibu na daraja. Ya mbele nikaiacha ileile ya kiwandani. Hapo kuna jambo nililoponea bila kujua: kwenye Jazz Bass ya kawaida pikapu ya nyuma ni ndefu kidogo kuliko ya mbele, kwa hiyo ukinunua bila kupima unaweza kuleta nyumbani kitu kisichoingia kwenye shimo lake. Mimi iliingia. Bahati tu.

Usiku wa kuifunga niliazima solda ndogo, kile chuma cha moto cha kuunganishia nyaya, ya kutengenezea redio. Mgongo wa poti ni bati nene, unanyonya joto, na ile solda haikuwa na ubavu huo. Risasi, ile ya kuunganishia, ikayeyuka ikakaa juu ya bati kama tone la nta, ya kijivu, haing'ai. Nikaivuta kwa kucha, ikabanduka nzima. Nikarudia. Mara ya nne nikaishikilia solda pale muda mrefu hadi nikasikia harufu ya plastiki, na ile poti haikuzunguka vizuri tena. Lakini waya ulishika. Nikachomeka, nikapiga pikapu mpya peke yake: tamu. Ya zamani peke yake: sawa tu. Nikalala usingizi wa mshindi.

Kesho yake lilikuwa onyesho, na kwenye onyesho mimi hufungua poti zote mpaka mwisho.

Sauti iliyotoka sitaisahau. Chini hakukuwa na kitu. Besi imebaki pua tu, nyembamba kama mbu ndani ya kopo. Nikaongeza sauti kwenye amplifaya, mbu akawa mkubwa. Mpiga ngoma aligeuza shingo kunitazama mara tatu kwenye wimbo mmoja. Kiongozi wetu hakusema kitu, akatabasamu tu, na nilipokwenda mazoezini wiki iliyofuata nikakuta mtu mwingine amesimama mahali pangu, amechomeka kwenye amplifaya niliyokuwa naibeba mimi. Hakuna aliyenipigia simu kabla, na hakuna aliyenipigia baadaye. Ningeambiwa ningeelewa, lakini sikuambiwa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kosa lenyewe? Nyaya mbili. Pikapu mpya na ya zamani zilikuwa zimeelekeana kinyume: wimbi la moja likipanda, la nyingine linashuka, na noti za chini ndizo zinazofutana zaidi. Kila moja ikipigwa peke yake huwezi kujua. Dawa yake ni kubadilishana nyaya za pikapu moja, uliokwenda kwenye poti uende kwenye ethi (waya wa ardhi), wa ethi uende kwenye poti. (Kama pikapu yako ina kifuniko cha chuma kilichoungwa na waya mmojawapo, kitenganishe kwanza.) Kazi ya dakika kumi. Mimi ilinichukua wiki tatu kuijua, na kufikia hapo nafasi ilishapata mwenyewe.

Miezi iliyofuata siisimulii. Nilipiga nyumbani, basi.

Aliyeniamsha ni fundi mmoja mtu mzima, mtengenezaji wa magitaa, niliyempelekea ile poti niliyoiunguza. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Nani kakuambia hii imeharibika?" Hakuichomeka popote. Aliinua shingo mpaka jichoni, akaitazama kwa urefu kama seremala anavyotazama ubao uliopinda. Akabana uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa kidole kimoja, akaubana tena pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono wa pili, akanionyesha kwa kidevu nitazame katikati, karibu na freti ya saba. Hapakuwa na nafasi kabisa, uzi umelalia freti. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, unene wa kadi ya biashara hivi, kama robo au theluthi ya milimita. Kile chuma kirefu cha kuinyoosha, kilicho ndani ya shingo, kilikuwa kimekazwa kupita kiasi tangu kiwandani. Akakilegeza robo mzunguko, akaweka besi chini, akaanza kuzungumza habari nyingine. Nikamuuliza mbona haendelei. "Mbao haikimbizwi, mwanangu."

Baadaye akaweka nyuzi mpya, akapandisha vile vibebeo vya uzi kwenye daraja mpaka nyuzi zikapita kama milimita mbili na nusu juu ya freti ya 12. Kisha akaanza kulinganisha: anagusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubana, anausikiliza, halafu anaubana palepale. Noti ya kubana ikiwa juu kuliko ya kugusa, kibebeo kinarudishwa nyuma. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Uzi kwa uzi. Mwisho akagonga kichwa cha gitaa kwa fundo la kidole, akasikia kitu kinacheza, akakaza nati moja ya kikazio cha nyuzi.

Nikachukua besi. Mkoromo haukuwepo. Nusu yake ulikuwa ile nati.

Nilitoka pale nimefurahi na nimeumia kwa pamoja, maana miezi mitano ya kujinyima ilikuwa imekwenda kwenye pikapu, na dawa ilikuwa nyuzi, ufunguo mdogo wa pembe sita na nusu saa ya mtu mwenye subira. Ndiyo maana nilimjibu yule kijana neno moja. Nyuzi. Badilisha nyuzi, kaza kila skrubu na nati unayoiona, rekebisha shingo, kisha kimo cha nyuzi juu ya freti, kisha ulinganifu wa noti, kwa mpangilio huo, kwa sababu ukigusa shingo mwisho unaharibu yote uliyoyafanya kabla yake. Halafu piga hivyohivyo miezi kadhaa. Nyuzi kwanza.

Ni kweli, baadaye nilibadilisha vitu. Zile poti za kiwandani nilizitoa nikaweka za kilo-ohmu 250, na kapasita ya mikrofaradi 0.047 ya kukata sauti ya juu. Tofauti ilikuwa ndogo, ila sasa zinazunguka laini, hazikwaruzi kwenye spika. Ncha za freti nilizilainisha kwa tupa ndogo jioni mbili mfululizo, na hakuna badiliko lililonipa raha kuliko hilo, ingawa hakuna anayeliona. Mashimo ya ndani niliyatandika karatasi ya shaba yenye gundi, nikaunganisha vipande kwa risasi na kuvipeleka vyote kwenye ethi. Bila ethi hiyo shaba ni pambo. Ikiungwa vizuri inapunguza kelele za taa na simu, lakini ule mvumo wa pikapu yenye koili (msokoto wa waya) moja haiumalizi. Mvumo huo unapungua ukifungua pikapu zote mbili sawasawa, kama zimetengenezwa ziwe jozi. Za kwangu hazikuwa jozi, nikaishia kununua ya mbele pia. Ndiyo, kijana, nimenunua pikapu ya pili. Cheka tu.

Kuna kipimo kimoja cha bure. Kama mvumo unapungua ukigusa nyuzi, waya wa ethi unaokwenda chini ya daraja upo na unafanya kazi. Kama kugusa hakubadilishi chochote, fungua daraja utazame. Kwangu waya ulikuwepo, umepinda pembeni, haugusi chuma.

Na kizingiti niliharibu. Nilisoma kwamba mifereji yake ikiwa juu sana noti za mwanzo wa shingo zinapanda, jambo ambalo ni kweli, nikachukua tupa nikapitiliza. Uzi wa E ukiachwa wazi ukawa unagonga freti ya kwanza. Nikajaza mfereji kwa unga wa magadi, nikadondoshea tone la gundi kali, ikaganda palepale kama jiwe, nikachonga upya. Bado uko hivyo. Yule fundi wa sauti hakuuona.

Sasa mtaniambia James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, hakuwa na mazoea ya kubadilisha nyuzi. Najua. Alikuwa na Precision ya 1962, nyuzi nene za bapa zilizozeeka, na kidole kimoja cha shahada. Wewe una vidole vingapi? Mtaniambia tena mpiga besi Jaco Pastorius aling'oa freti za Jazz Bass yake akapaka epoksi, ile gundi ngumu ya maboti. Aling'oa akiwa tayari anajua kila noti ilipo. Sisi tunang'oa ili tufanane naye, tunaweka picha, tunapongezwa, na mstari wa wimbo mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho hatuwezi kuushika bila kukimbia mbele ya ngoma. Nasema sisi, na mimi nimo. Nilitumia usiku mwingi kuunguza poti kuliko kukaa na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, na siku ile jukwaani hata kama nyaya zingekuwa sawa sidhani kama ningepiga vizuri sana. Hilo sijawahi kumkiri mtu. Kwa hiyo ukijisikia kufungua besi, kwanza cheza robo saa kwa kasi ya mapigo sitini kwa dakika, noti moja tu, uone kama unaweza kukaa juu yake. Ukishindwa, bisibisi irudi ndani. Nyuzi kwanza, na saa ya ukutani.

Nilipofika hapa kijana ameniandikia tena. Ametuma picha: besi iko juu ya kitanda, nyuzi zimetolewa zote, shingo iko peke yake juu ya mto, na skrubu zimemwagwa kwenye kifuniko cha chupa. Ameshafungua kila kitu. Chini ameandika, "Nimeanza na nyuzi kama ulivyosema." Nimemwambia asikate waya wowote kabla ya kuupiga picha, na zile skrubu nne za shingo azitenge.