Wageni wa Dar wamejaza wiki yote, na Jumatano mtoto ana kliniki

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Uyole hapa Mbeya. Huyu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 7 na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tulijua akiwa na mwaka na nusu baada ya kuvimba vidole vya mikono na miguu mpaka akawa hashiki kitu. Sasa likizo hii ya mwezi wa sita wifi yangu anakuja na watoto wake watatu kutoka Dar, anakuja na mama mkwe pia, na ratiba wameshaipanga hukohuko wakanitumia kwenye simu. Jumatatu Kimondo kule Mbozi, Jumanne kupanda mlima mpaka Ziwa Ngosi, Jumatano Daraja la Mungu na Kijungu, Alhamisi kupumzika, halafu Ijumaa tunashuka Matema, ufukweni Ziwa Nyasa kule Kyela, mpaka Jumapili. Shida ni kwamba hiyo Jumatano ndo tarehe ya kliniki ya mtoto, na dawa zake za haidroksiyurea zimebaki za siku chache tu, zinaishia hapohapo. Nikamwambia mama mkwe akasema mtoto mwenyewe mzima anacheza, kliniki ipo siku zote, nipeleke wiki inayofuata. Wifi naye anasema siku ya Ngosi mtoto abaki kwa jirani asije akatuharibia safari. Mtoto kasikia, kalia sana, maana mabuti yake ya mvua ameshayapanga mlangoni tangu juzi. Na kingine kinachoniuma, mama mkwe kila mara anasema kwao ugonjwa huu haupo. Sitaki kuonekana nawakataa wageni. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, maana nakuona hapo katikati unavutwa huku na huku na hujamkosea mtu.

Naanza na Jumatano, hiyo haihamishwi. Najua mtoto anacheza, na anacheza hivyo kwa sababu dawa anakunywa na kliniki anaenda. Haidroksiyurea sio dawa ya kumeza ukisikia maumivu, inafanya kazi taratibu kila siku, na ndo maana kliniki wanampima uzito na kumtoa damu, kiwango cha dawa kinaenda na uzito wake na hizo chembe za damu, zikishuka sana daktari anaisimamisha kwanza. Sasa ukiruka tarehe unakuwa umekosa vitu viwili, dawa zimeisha na kipimo hakijafanyika, na hapohapo unampeleka mtoto safari za mbali kwenye baridi na kwenye joto. Mimi nina mtoto mwenye selimundu, sasa hivi ni kijana, na mwaka mmoja niliruka tarehe kwa sababu ya harusi ya ndugu Tukuyu nikasema nitaenda wiki ijayo, wiki ijayo ikawa na mambo yake, na usiku mmoja wa wiki ya tatu akaamka analia miguu, nikamkanda, nikamfunika blanketi mbili, mpaka saa kumi na moja alfajiri tukaenda kulazwa siku tano. Nakumbuka alikuwa ananiambia mama usiguse hapa, na mimi sikuwa nagusa, ni shuka tu limemgusa.

Kwa hiyo badala ya kuipangia kliniki nafasi iliyobaki, iweke ya kwanza halafu matembezi yaizunguke. Na nikuombe kitu, nenda na mama mkwe. Usimwambie kwa ubishi, mwambie mama naomba unisindikize, foleni ni ndefu nachoka peke yangu. Akae pale benchi aone watoto walivyo wengi, amsikie daktari mwenyewe. Hilo la kwamba kwao haupo utamwachia daktari amweleze, kwamba mtoto hapati selimundu mpaka baba na mama wote wawili wawe wamebeba kinasaba chake, na wanaokibeba kimoja tu wanakuwa wazima kabisa, wanaweza kuzeeka bila kujua. Kila mimba ya wazazi wa namna hiyo ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuugua. Wala sio kosa lako, sio la mumeo, na yeye ndo wa kusema na mama yake nyumbani, hiyo sio kazi yako peke yako. Mkitoka kliniki mpitie Mwanjelwa mle kitu kizuri, mtoto aone siku yake nayo ilikuwa ya kutoka.

Sasa safari zenyewe. Kimondo aende tena kwa furaha. Gari linafika karibu, hakuna kupanda, na mtoto wa miaka 7 anaweza kuweka mikono juu ya chuma kilichotoka angani chenye uzito wa tani kama 16, umwambie awaeleze wenzake wa Dar kwamba kile sio jiwe ni chuma kitupu chenye nikeli kidogo. Ila Mbozi kuna upepo mwezi wa sita, sweta na kofia vikae mwilini, sio kwenye begi.

Ngosi hapana, sio mwezi huu, na nakwambia hivi nikijua mabuti yako mlangoni. Njia ya msituni inapanda sana na pale ukingoni ni juu kwenye mita 2,600 hivi, baridi kali, hewa ya oksijeni imepungua, na mtoto atakuwa anatoka jasho halafu anasimama kwenye upepo. Baridi, kuchoka, kukaukiwa maji na oksijeni kidogo ndo vitu vinavyofanya chembe zake zijikunje na kuziba mishipa, na Ngosi ya mwezi wa sita inavileta vyote kwa pamoja, tena ni siku moja kabla ya kliniki. Lakini kuachwa kwa jirani hapana kabisa, yaani hilo la asituharibie safari mwambie wifi kwa upole lakini umwambie, mtoto amelisikia na atalikumbuka. Wao waende Ngosi, wewe ubaki na mwanao, umwambie ukweli kwamba mlima ule baridi yake inaumiza damu yako. Watoto wa selimundu wanaelewa mapema sana ukiwaambia ukweli.

Daraja la Mungu lihamie Alhamisi, si mmesema ni ya kupumzika. Kule hakuna mlima wa kupanda, mwamba wenyewe umekaa juu ya Mto Kiwira kama daraja, na Kijungu maji yanaingia kwenye shimo la mwamba kama chungu kinachochemka. Mshike mkono asikaribie ukingo, miamba ile inateleza. Huko ndo awe mwenyeji, awatangulie binamu zake.

Matema ndo ninapotaka ukae makini zaidi kuliko Ngosi, kwa sababu watu wanaona joto wanajua hapo mtoto wa selimundu yuko salama. Joto linakausha maji mwilini, kwa hiyo chupa yake iwe mkononi na anywe hata kama hajasema ana kiu. Ziwani aingie mchana jua likiwepo, muda mfupi, akitoka tu mfute mkaushe umvishe nguo kavu, usimwache na nguo mbichi anakimbizana mchangani. Na kuna malaria. Sisi wa Uyole mbu tunawaona kidogo tu, Kyela sio hivyo. Wapo wazazi wanasema mwenye selimundu haugui malaria, wamechanganya, anayebeba kinasaba kimoja tu ndo ana kinga dhidi ya malaria kali, mwenye ugonjwa wenyewe malaria ni hatari kubwa kwake. Hiyo Jumatano muulize daktari habari ya dawa ya kuzuia malaria kwa safari ya Ziwa Nyasa, na neti mbebe ya kwenu. Jumamosi muende soko la Lyulilo mkaone vyungu vya Wakisi, ni matembezi ya taratibu atayaweza vizuri.

Begi lake libebe wewe, sio wifi. Dawa zote, paracetamol, kipimajoto, kadi ya kliniki, bima, sweta mbili, chupa ya chai ya moto. Joto la mwili likifika 38.5 msisubiri asubuhi, hospitali saa hiyohiyo. Vilevile akibanwa kifua au kupumua kwa shida, akipauka ghafla huku tumbo la upande wa kushoto limevimba, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea au akianza kuongea vibaya, na kwa kuwa ni wa kiume, uume ukisimama kwa maumivu zaidi ya masaa mawili bila kulegea. Hilo la mwisho wamama wengi tunaona aibu kulisema na watoto wanalificha, mwambie mapema aseme. Ukiwa Tukuyu kuna hospitali ya Makandana, Matema kuna hospitali ya Walutheri palepale, andika kwenye simu yako na kwenye ya wifi pia.

Mabuti yaache hapohapo mlangoni, mwambie Alhamisi anayavaa.