Kutolewa maji ya uti wa mgongo: je, mama atapooza?

Pole dada, hofu kwamba mama yako atapooza akichomwa sindano mgongoni ili atolewe maji ya kupimwa, wengi wanayo, na inawafanya wakatae kipimo wanachokihitaji. Kwa mtu mzima, uti wa mgongo, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya mfupa wa mgongo, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huchomwa chini zaidi, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, ambako nyuzi za neva huelea tu kwenye maji. Kupooza ni nadra sana.

Mama atalala ubavu, magoti yakiwa kifuani, au atakaa ameinama mbele. Sindano ya ganzi huchoma kidogo, kisha anahisi kusukumwa tu. Akihisi shoti mguuni, aseme bila kujitikisa. Daktari ataisogeza sindano.

Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari kabla, tafadhali sana!

Baadaye kichwa kinaweza kumuuma akikaa au kusimama, kikapoa akilala. Mara nyingi huisha ndani ya siku chache. Ila akipata homa, shingo kukakamaa, miguu kuishiwa nguvu au mkojo kugoma, mrudisheni hospitali mara moja.