Umeambiwa uchague kati ya familia na ligi za nje: yangu mimi yaliamuliwa na mwezi

Mdogo wangu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Mkeo amekupa wiki moja uchague, yeye na watoto au hizo ligi za nje unazokesha nazo, na unataka kujua sisi wenye familia muda tunautoa wapi. Naona wengi wamekujibu kwa utani. Mimi ugonjwa huo nimeuugua zaidi ya miaka kumi, na wangu ulikuwa mbaya kuliko wako, kwa sababu hata wa kuugua naye sikuwa naye mtaani.

Mimi ni shabiki wa hoki ya barafu. Nipo Mwanza, nauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni. Chekeni kwanza, nasubiri. Najua huku ukitaja hoki mtu anawaza ule mpira wa magongo wa kwenye nyasi, na barafu tunayoijua ni ya kulazia sangara. Nairobi angalau wapo vijana, Ice Lions, waliojifunzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli. Huku kwetu niko peke yangu, sijawahi kukutana na mwingine.

Niliambukizwa na mzungu mmoja wa Kanada niliyekuwa namwendesha kwenye mgodi fulani wa dhahabu huku Kanda ya Ziwa. Mtu wa Toronto, shabiki wa Maple Leafs. Timu hiyo mara ya mwisho kuchukua kombe kubwa, Stanley Cup, ilikuwa 1967, na yeye alizaliwa 1968. Aliniambia hivyo akicheka, lakini macho hayakuwa yanacheka. Nikaanza kumsindikiza kuangalia, kwanza kwa heshima tu, bosi ameniita. Baada ya miezi miwili nikawa ndiye ninayemgongea mlango.

Sasa hesabu. Mechi za Toronto nyingi huanza saa moja jioni kwao. Majira yao ya baridi wako nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo kwangu ni saa tisa usiku. Wakishasogeza saa zao mbele, ni saa nane usiku. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, lakini saa inasimama kila filimbi ikilia, ukiongeza na mapumziko mawili unapata saa mbili na nusu. Msimu wa kawaida wakati huo ulikuwa mechi 82 kwa kila timu. Siku moja nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mzigo: saa 205, hapo mtoano bado. Nililifunga lile daftari haraka kama mtu aliyeona deni lake.

Na kazi yangu nayo ni ya usiku. Kwa msiotoka ziwani, dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi hutega taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za sola, na dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, ziwa zima linang'aa, basi watu hushona nyavu na kulala. Giza likiingia ndipo kambi za visiwani zinaamka, dagaa wanaanikwa, na mzigo unashuka mwaloni alfajiri. Asiyekuwepo alfajiri hiyo ananunua makombo.

Nilitoka mgodini nikaingia kwenye dagaa, na hoki nikaja nayo. Miaka ya mwanzo nilijidanganya kwamba vitu hivi viwili havigongani, kwa kuwa vyote ni vya usiku. Nilikuwa naweka simu chini ya shuka, sikioni waya mmoja, shemeji yako kageukia ukutani. Hilo usilifanye. Afadhali uende sebuleni uwashe taa, ajue uko wapi, kuliko kulala naye kitanda kimoja huku uko Toronto.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei 2013 ndio ulionikata. Mechi ya saba ya mtoano na Boston, atakayefungwa anaaga. Giza lilikuwa nene, siku nne tu tangu mwezi uandame, na gunia zetu kutoka kisiwani zilikuwa njiani. Nikajisemea naangalia kipindi cha kwanza tu. Kipindi cha tatu Toronto wakawa wanaongoza 4–1, zimebaki kama dakika kumi na nne. Ningeenda kulala wakati ule, leo ningekuwa mtu mwingine. Boston wakapata la pili. Mwishoni wakamtoa kipa wakaingiza mchezaji wa sita, ndivyo wanavyofanya wakizidiwa, na ikafanya kazi: la tatu likaingia ikiwa imebaki dakika moja na sekunde 22, la nne zikiwa zimebaki sekunde 51. Muda wa nyongeza, ambao goli la kwanza ndilo linalomaliza, Boston wakafunga. 5–4. Modemu yangu ilikuwa inakwamakwama, kwa hiyo lile goli la mwisho sikuliona hata likiingia. Picha iliporudi, watu walikuwa wameshakumbatiana.

Nikasema nijinyooshe kidogo. Nilizinduka saa nne asubuhi. Shemeji yako alikuwa ameenda mwaloni peke yake, na ujauzito wa miezi sita, akasimamia upakuaji, akagombana na wapagazi, mnunuzi wetu wa kutoka mkoani akawa ameshachukua kwa mwingine. Tuliuza kwa hasara. Aliporudi hakuniambia niache. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ulijua leo ni giza?"

Nilijua. Hapo sikuwa na pa kutokea. Ningekuwa sijui, lingekuwa kosa. Lakini nilijua, nikachagua, halafu nikajifanya sijachagua. Nadhani hata mkeo si mpira unaomuudhi. Muulize vizuri, usimuulize kwa kujitetea.

Tangu mwaka huo ratiba ya msimu ikitoka naiweka kando ya kalenda ya mwezi. Mbalamwezi naangalia, giza siangalii, hata iwe nini. Inanipa siku kumi hivi kwa mwezi. Mwanzoni iliniuma. Halafu nikagundua kwamba mechi nyingi nilizokuwa nakesha nazo nisingeweza kukusimulia wiki mbili baadaye. Nilikuwa naogopa zinipite, basi. Zilizobaki ndizo ninazozikumbuka mpaka leo. Oktoba 2016 kijana Auston Matthews alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi na kufunga magoli manne, mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, nikaiona yote kwa halali, nimekunywa na chai. Na Toronto wakafungwa 5–4 vilevile. Ndiyo timu niliyopewa.

Za gizani nilikuwa naziangalia kwa vipande, zile dakika kumi za magoli, kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo nikienda Sengerema. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 unazimaliza kwa dakika chache, kila mtu akafurahi na mimi nikafurahi, ila ule muda wangu wa magoli ukaenda na foleni. Unafikiri saa zile nimezipeleka wapi? Zimeliwa na simu za wateja.

Za mchana ni habari nyingine. Tangu Pamba, timu yetu ya soka ya Mwanza, waliporudi Ligi Kuu 2024 naenda na mwanangu, yule yule aliyekuwa tumboni siku ile. Hoki haitaki, anasema hauoni ule mpira uko wapi. Simlaumu, ni kisahani cheusi kidogo kinachokwenda kama risasi.

Kwa hiyo usimwambie mkeo utaacha, maana hutaacha, na uongo wa pili utakuwa mbaya kuliko wa kwanza. Wewe ni dereva wa daladala, umesema. Mwezi haukuhusu, lakini zamu unayo. Zile siku unazoingia barabarani saa kumi na moja alfajiri, umebeba roho za watu, kwako hizo ndizo giza.

Mei 2025 Toronto walifika tena mechi ya saba, na Florida. Saa nane na nusu usiku kwetu, kuamkia tarehe 19. Mwezi ulikuwa umeshaanza kuliwa, mzigo wa kwanza unategemewa asubuhi ile. Kanuni yangu haikuwa na jibu. Nikamwamsha shemeji yako nikamuuliza. Akafunua pazia, akatazama nje upande wa ziwa, akasema, "Bado upo. Kaangalie."

Nikaenda sebuleni nikawasha taa. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa wote mwaloni, akaniuliza wamefungwa ngapi. Nikamwambia sita kwa moja. Akashika pembe yake ya gunia, nikashika yangu.